Kumfunza Mtoto Choo na Kujifunza Subira



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona katika gazeti la dini habari za nepi na mkojo wa mtoto, mkasema kwamba mambo haya ni ya uani na hayafai kuandikwa mbele za watu. Lakini kila aliyepata kukaa mbele ya mwalimu akasomeshwa Fikihi anajua kwamba vitabu vya maulamaa wetu havianzi na Sala, bali huanza na Tohara. Na katika Tohara zimo habari za najisi, na katika najisi umo mkojo wa mtoto mchanga, umeelezwa waziwazi. Dini ambayo haikuona aibu kumfundisha mtu mguu gani autangulize aingiapo chooni, haitatuonea aibu sisi tukizungumza namna ya kumfikisha mtoto huko.

Tena ninayo sababu nyingine ya kuandika. Mimi nalikosa katika jambo hili, na kosa langu lilimwumiza mtoto asiyejua kujitetea. Nalieleza ili baba mwingine asilirudie.

Mimi ni mkazi wa Tanga. Mchana nina kazi yangu ya kutafuta riziki, na baada ya Alasiri husomesha watoto katika chuo kidogo mtaani petu. Mwenyezi Mungu alituruzuku, mimi na mke wangu, mtoto wa kiume, naye ndiye kifungua mimba wetu. Tangu kuzaliwa kwake tulimvika nepi za kitambaa, mfano wa yale mawinda waliyowafunga wazee wetu watoto wao. Tulikuwa nazo dazeni mbili, nyeupe, za pamba, pamoja na pini zake na suruali za plastiki za kuvalia juu. Nepi za kutupa, ambazo kwetu watu huziita pampasi kwa jina la zile zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1961, zimejaa katika kila duka. Lakini mfuko wetu haukuzimudu kila siku, na mke wangu alichukia kuziona zimetupwa mitaroni.

Ulipoingia mwezi wa Rajabu, mwaka 2024, mtoto alikuwa amepita miaka miwili kwa mwezi mmoja. Nikamwambia mke wangu: “Nataka kabla ya Ramadhani kijana huyu awe ameacha nepi. Mwezi mtukufu tuupokee na nyumba safi, na wewe upate nafasi ya ibada.” Akanijibu kwa upole: “Maalim, mtoto hajui Ramadhani ni lini.” Sikumsikiliza. Jirani yetu alikuwa na mtoto mwenye umri kama wa huyu wetu, naye alikwisha acha nepi zamani, na nafsi yangu ilikuwa ikiona wivu, ijapokuwa mdomo wangu ulikuwa ukitaja usafi.

Nikaenda sokoni nikanunua poti ya plastiki, nikairudisha nyumbani kama mtu aliyekwisha maliza kazi. Tukamvua mtoto nepi, tukamkalisha. Akikaa dakika tano bila ya kufanya kitu, mimi husema akae kumi. Akikaa kumi, akae ishirini. Akiinuka, hufanya haja yake pembeni ya ukuta. Nilipoona hivyo nikazidisha ukali, nikijitetea moyoni kwa maneno ya wahenga kwamba samaki mkunje angali mbichi. Na nilijitetea kwa jambo kubwa zaidi ya hilo. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye makaburi mawili, akawaambia masahaba kwamba mmoja wa wale waliozikwa anaadhibiwa kwa sababu alikuwa hajikingi na mkojo wake. Nikasema, kama jambo hili ni zito kiasi hicho, basi nani atanilaumu nikimkazia mwanangu? Nilisahau kwamba yule wa kaburini alikuwa mtu mwenye akili timamu, na huyu wangu kalamu bado haijaandika juu yake hata herufi moja.

Ikawa siku ya Ijumaa. Nilikuwa nimekwisha oga na kujitia manukato, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, nimeketi juu ya msala nikisoma Suratul Kahf huku nikingoja wakati wa kwenda msikitini. Mtoto alikuwa akicheza bila ya nepi. Akaja mbio, kwa furaha ya kumwona babake ametulia, akajitupa mapajani pangu akanikumbatia shingo. Mara nikasikia joto likinienea kifuani mpaka magotini, likashuka hata msalani.

Naona haya kuyaeleza yaliyofuata, lakini nimeahidi kusema kweli. Nilipiga kelele ambayo majirani waliisikia. Nilimshika mkono kwa nguvu, nikamburura mpaka penye poti, nikamkalisha kwa kishindo na kumwambia maneno ambayo hata mtu mzima yangalimvunja moyo. Hakulia. Alinitazama tu, midomo ikimtetemeka. Mke wangu akaja akamchukua pasipo kusema neno. Nikabadili nguo, nikaenda msikitini, nikaikuta hotuba imekwisha kuanza. Sikumbuki khatibu alisema nini.

Tangu siku ile mtoto alibadilika. Akiona poti hukimbia. Akihisi haja kubwa hujificha nyuma ya mlango, akakaza miguu, akasimama kwa ncha za vidole mpaka haja impite. Ikapita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne alilia usiku kucha, tumbo limemkaza, na alipopata choo kidogo kilikuwa kigumu, kimetoka na alama ya damu. Asubuhi tukamchukua hospitali.

Daktari, mama wa makamo, alimpapasa tumbo taratibu, kisha akatueleza. Alisema kwamba mtoto akiogopa huzuia haja; haja ikizuiwa, maji yake hufyonzwa na utumbo ikawa ngumu; ikiwa ngumu huumiza itokapo; na mtoto aliyeumia mara moja huzuia zaidi, ikawa ni duara lisilo na mwisho. Kisha akauliza: “Je, kuna mtu aliyemgombeza au kumtisha kwa ajili ya choo?” Mke wangu akainamisha macho wala hakunitaja, kwa heshima yake kwangu. Nyamaza yake ile iliniuma kuliko lawama. Nikasema: “Ni mimi, daktari.”

Hakunikaripia. Alitupa dawa ya kulainisha choo, akatuagiza tumpe maji kwa wingi, na papai, na mboga. Na tumrudishie nepi zake. “Iwekeni poti uvunguni,” akasema, “msiitaje kwa wiki tatu. Mwacheni asahau.”

Jioni ile ile nilikwenda chuoni kama desturi. Wanafunzi wangu wakubwa tulikuwa nao katika mlango wa najisi, na somo lililofika, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, lilikuwa Hadithi ya Ummu Qays binti Mihsan, iliyomo katika Sahihi Bukhari na Muslim. Bibi huyu alimleta kwa Mtume (s.a.w.) mtoto wake mchanga wa kiume ambaye alikuwa hajaanza kula chakula. Mtume akampakata mapajani, na mtoto akamkojolea nguoni. Mtume akaagiza maji, akainyunyizia ile nguo, wala hakuifua. Kwa Hadithi hii wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wametoa hukumu kwamba mtoto wa kiume aliye chini ya miaka miwili, ambaye chakula chake bado ni maziwa, mkojo wake hutosha kunyunyiziwa maji mpaka yaenee pale palipoingia, lakini wa mtoto wa kike hufuliwa. Na aliyekwisha kuanza kula chakula, akiwa mume au mke, mkojo wake ni wa kufuliwa kama wa mtu mzima.

Niliyasomesha hayo kwa ulimi uliozoea. Hapo kijana mmoja, umri wake hauzidi miaka kumi, akainua mkono akauliza: “Maalim, Mtume alimkasirikia yule mtoto?”

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeisomesha Hadithi ile miaka mingi, nikawapima wanafunzi kwa tofauti ya kunyunyiza na kufua, lakini sikuwahi kuitazama kwa upande ule. Hadithi haikutaja kelele, wala uso uliokunjamana, wala mama kukimbilia mtoto wake kwa hofu. Lililotajwa ni kwamba aliagiza maji. Nikamjibu yule kijana: “La, mwanangu, hakumkasirikia.” Kisha nikawaruhusu waende makwao mapema, nikabaki peke yangu.

Ndugu msomaji, yule mwanangu alikuwa amevuka miaka miwili na anakula wali na samaki, basi kanzu yangu ilikuwa haina budi kufuliwa. Hukumu ya maji ilikuwa imebadilika kwake, ama ile hukumu ya upole ilikuwa pale pale. Na kama mtu atasema kwamba upole ule ni kwa mchanga tu, basi na azingatie habari ya yule bedui aliyesimama akakojoa ndani ya msikiti wa Mtume. Masahaba walitaka kumkemea, Mtume akawazuia, akawaamrisha wamwache amalize haja yake, kisha ikamwagwa ndoo ya maji mahali pale. Maulamaa, miongoni mwao Imam Nawawi, wameeleza kwamba kumkatiza katikati kungalimdhuru mwilini, na tena kungaliitawanya najisi mahali pengi. Mimi mwanangu nilimkatiza katikati, na mambo yote mawili yakatokea.

Baada ya juma moja mama mkwe wangu alikuja kututazama. Yeye ni mzaliwa wa kijiji cha Wadigo kaskazini ya mji wetu. Nilimwamkia, akaitikia, na kwa kuwa heshima ya mkwe ni nzito hakuniambia neno mpaka alipoona nimekaa na mtoto barazani. Ndipo akasema: “Mkwe wangu, nimesikia wasema samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli. Lakini hukunjwa kwa mkono, hagongwi kwa nyundo.”

Kisha akanieleza walivyolelewa watoto kwao. Mama huanza na mtoto tangu juma za mwanzo za umri wake. Hukaa chini akanyosha miguu, akamweka mtoto baina ya miguu yake, akamtolea sauti ya “shuu”. Mtoto akikojoa kwa kuisikia sauti ile hukumbatiwa na kunyonyeshwa. Hakuna karipio hata moja, na mtoto huja kuifungamanisha sauti na haja. Nilidhani haya ni mazungumzo ya wazee, kumbe yameandikwa. Mwaka 1977 wataalamu wawili, Marten deVries na Rachel deVries, walitoa katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani habari za Wadigo wa Afrika ya Mashariki, wakaeleza kwamba kwa malezi hayo watoto wao huwa wakavu usiku na mchana wafikapo miezi 5 au 6.

Na katika jarida hilo hilo, mwaka 1962, daktari Brazelton alikuwa amekwisha kueleza njia nyingine, baada ya kuwafuata watoto 1,170. Yeye alishauri kumngoja mtoto mpaka mwenyewe aonyeshe dalili za kuwa tayari, na watoto wake wengi walitimiza ukavu wa mchana kwa wastani wa miezi 28 hivi. Njia hizi mbili zimeachana mbali. Moja huanza mtoto akiwa mchanga wa majuma, na nyingine humngoja mpaka aweze kutembea na kusema. Lakini zimekutana katika jambo moja, kwamba hakuna kutisha wala kuadhibu. Mimi nilikuwa nimeshika njia ya tatu, isiyo na mwalimu.

Sisi tulikuwa tumechelewa kwa ile ya Wadigo, basi tukafuata ya kungoja. Ramadhani ikaingia na mtoto yumo ndani ya nepi. Mvua za masika mwaka ule zilikuwa nyingi mno, nepi hazikauki, zikatundikwa mpaka ukumbini juu ya vichwa vyetu wakati wa kufuturu. Hapo nikachukua kazi ya kuzifua mimi. Watu wengine walinicheka, lakini Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake. Nilipozifua mwenyewe ndipo nilipojua uzito wa kazi ambayo mke wangu aliifanya miaka miwili bila ya kunung'unika.

Na hapa ningependa kuwakumbusha akina mama na vijana jambo la Fikihi ambalo wengi hulikosea. Nepi yenye najisi ukiitumbukiza katika beseni la maji machache, maji yale yote hunajisika, na nguo nyingine utakazozitia humo hunajisika pia. Namna iliyo salama ni hii: kwanza ondoa kile kinachoonekana, ukimwage chooni, kisha ifue nepi peke yake kwa sabuni mpaka najisi iondoke, halafu uimiminie maji safi juu yake, au uiweke chini ya bomba, mpaka kusibaki rangi, wala harufu, wala ladha, isipokuwa athari ya rangi au harufu ambayo ni taabu kuiondoa. Baadaye uikamue na kuianika juani ikiwezekana. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni kila mara.

Katika siku zile nilijifunza pia faida ya nepi ya kitambaa, nayo ni kwamba mtoto huhisi unyevu papo hapo, hajui kudanganyika. Siku za mwisho za Ramadhani nikaona dalili ambazo daktari alitutajia. Mtoto alikaa mkavu muda wa saa mbili kwa pamoja. Alijua kujishusha suruali. Alifahamu akiambiwa lete hiki, weka kile. Na siku moja alikuja akashika nepi yake iliyolowa akasema, “Baba, mbaya.” Sikumjibu zaidi ya kumwambia, “Haya, tubadili,” nikambadili.

Baada ya Idi tuliitoa poti uvunguni, tukaiweka uwanjani pamoja na vitu vyake vya kuchezea, akamkalisha juu yake mwanasesere wake. Baadaye akakaa mwenyewe, amevaa nguo zake. Kisha tukawa tunamwita bila ya nepi katika nyakati maalumu: aamkapo, baada ya kula, kwa kuwa chakula kikishuka tumboni huuamsha utumbo, kabla ya kuoga, na kabla ya kulala. Hukaa dakika tatu au tano, miguu yake ikikanyaga chini vizuri, na akitaka kuinuka humwacha ainuke. Akifanya, humsifu kwa neno moja tu na kicheko. Akikosa, husema “Haidhuru,” tukaleta maji.

Na pale pale tuliyatia mafunzo ya dini kidogo kidogo. Tulimwonyesha kutanguliza mguu wa kushoto akiingia na wa kulia akitoka, na mamake alimsomea dua ya kuingilia chooni mpaka akawa anaifuatisha kwa maneno yake yaliyokatika. Tulimwosha kwa mkono wa kushoto ili aone, tukamfundisha kunawa. Wenye watoto wa kike nao wasisahau kuwasafisha kutoka mbele kwenda nyuma, kwani kinyume chake huleta maradhi ya njia ya mkojo.

Alikosa mara nyingi. Juma la kwanza alikosa zaidi kuliko alivyopata. Juma la tatu siku mbili nzima zilipita akiwa mkavu. Mwezi wa Shawwali ulipokwisha, nepi za mchana zilikuwa zimekunjwa sandukuni. Za usiku ziliendelea kwa muda mrefu, na hilo si kosa la mtoto, kwa sababu ukavu wa usiku huja mwili unapokomaa. Wako watoto wenye afya njema ambao hukojoa kitandani hata wakafika miaka mitano, na wengine zaidi. Nao hawastahili kuitwa vikojozi mbele ya wenzao, wala kuchekwa na ndugu zao. Mtoto ambaye alikuwa mkavu muda mrefu kisha akaanza upya, au anayeumia akikojoa, huyo apelekwe kwa daktari.

Enyi akina baba wenzangu, na ninyi vijana ambao kesho mtaitwa baba, jambo hili msiliache kuwa la akina mama peke yao, wala msiliingie kwa amri na saa mkononi. Tutawaamrisha watoto wetu Sala wafikapo miaka saba, kama tulivyofundishwa, na Sala haisihi bila ya tohara. Mtoto ambaye somo lake la kwanza la tohara lilikuwa kelele na kuburutwa, atalipendaje somo la pili?

Usiku mmoja wa mwezi wa Mfungo Pili, kabla ya Alfajiri, nilihisi mkono mdogo ukinigusa usoni. Alikuwa amesimama kando ya kitanda. “Baba,” akasema, “mkojo.” Mamake alikuwa karibu zaidi naye, lakini alizunguka kitanda akaja upande wangu. Nikainuka, nikamshika mkono, tukaenda pamoja. Aliusahau mguu wa kushoto, akaingia na wa kulia, nikaacha. Alipomaliza nikammiminia maji, nikamrudisha kitandani, nami nikatawadha nikasubiri adhana.

Mwenyezi Mungu atusamehe makosa yetu kwa watoto wetu, na awafanye wawe kiburudisho cha macho yetu. Amin.

Wassalaam.